Babu wa babu wa mume wangu aliletwa Australia akiwa mfungwa. Nianzie wapi kumtafuta?

Swali: Mimi ni mwenyeji wa Tanga, naishi Melbourne, nimeolewa na Mwaustralia na tuna watoto wawili. Mama mkwe wangu husema mzee wa kwanza wa ukoo wao aliletwa Tasmania akiwa mfungwa kwa kosa la kuiba mkate, kisha akavuka kuja Victoria wakati wa dhahabu, na amezikwa karibu na Ballarat. Zaidi ya hapo hawasemi. Tunalo jina lake, ambalo ni la kawaida mno, na jina la kwanza la mkewe. Nimetafuta kwenye intaneti nikakuta wafungwa watatu wenye jina hilo hilo, na kila mmoja kuna familia iliyokwisha kumwingiza kwenye mti wake wa ukoo. Yupi ni wetu? Nianzie wapi, na je, ni lazima kulipa? Binti yangu wa miaka 12 naye ana swali lake: katika wafungwa wale, alikuwapo hata mmoja mweusi?

Jibu: Dada, kwa leo hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliye wenu. Waache kwanza. Watarudi mezani utakapokuwa na karatasi inayomuunganisha mmoja wao na kaburi la Ballarat. Kazi nyingi za nasaba ya wafungwa huharibika mwanzoni kabisa: mtu anafungua orodha ya meli, anaona jina la ukoo wake, moyo unaruka, na tangu hapo anakusanya ushahidi wa kumtetea mtu aliyekwisha kumchagua. Wewe panda ngazi moja moja. Anza na mume wako, nenda kwa baba yake, kwa babu yake, kila kizazi na vyeti vyake vya kuzaliwa, ndoa na kifo, mpaka umfikie marehemu wa Ballarat. Ukishajua alivyokufa ndipo umtafutie alivyofika.

Nataka ujue pia kwamba una bahati. Mfungwa wa Australia ameandikwa kuliko karibu maskini mwingine yeyote wa karne ya 19. Kibarua wa shambani aliyebaki kijijini kwao Uingereza aliacha mstari wa ubatizo, wa ndoa, wa maziko, na jina kwenye sensa. Ndugu yake aliyepakiwa melini ameandikwa urefu, rangi ya macho, kovu la kidevuni, majina ya dada zake na siku aliyokamatwa amelewa. Serikali ilitaka kumtambua akitoroka, kwa hiyo ikamwandika mwili mzima. Mwaka 2007 UNESCO iliziingiza nyaraka hizi katika rejista yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Kwa hiyo kazi yako ngumu haitakuwa kupata habari. Itakuwa kuhakikisha kwamba habari unazosoma ni za mzee wenu.

Hadithi ya mama mkwe, tukiacha mkate, inaingia akilini. Kati ya 1788 na 1868 Uingereza ilipeleka Australia wafungwa takribani 160,000, wanawake wakiwa kama 25,000. Karibu 80,000 walishushwa New South Wales, na zaidi ya 70,000 katika kisiwa kilichoitwa Van Diemen's Land, ambacho mwaka 1856 kilibadilishwa jina rasmi kuwa Tasmania. Western Australia ilipokea zaidi ya 9,000, wanaume watupu, kuanzia 1850 hadi meli ya mwisho, Hougoumont, ilipotia nanga Fremantle Januari 1868. Victoria ililetewa wachache sana moja kwa moja. Lakini dhahabu ilipogunduliwa mwaka 1851, watu wa Tasmania waliokuwa wamemaliza vifungo au kupata msamaha walivuka mlango wa bahari wa Bass kwa maelfu. Wakubwa wa Victoria waliwachukia na kuwaogopa kiasi cha kutunga sheria mwaka 1852 ya kuwazuia wasiingie. Sheria hiyo iliwalenga hasa wenye msamaha wa masharti. Basi fikiria mtu aliyefika machimboni mwaka 1853 akiwa na msamaha wa namna hiyo mfukoni: akisema ametoka wapi, anaweza kukamatwa. Ukimya wa ukoo wa mume wako huenda haukuanza kwa aibu. Huenda ulianza kama tahadhari, kisha watoto wakaurithi bila kuambiwa sababu yake.

Sasa, cheti cha kifo. Victoria ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo Julai 1853, na vyeti vyake ni miongoni mwa vyenye maelezo mengi kuliko vyote vya wakati ule. Cha mzee wenu, kikijazwa vizuri, kitataja ugonjwa uliomuua, majina ya wazazi wake na kazi ya baba, mahali alipozikwa, mahali alipozaliwa, alioa wapi, akiwa na umri gani na alimwoa nani, na watoto wake wote na umri wao. Katikati ya hayo yote kuna safu moja ninayokuomba uisome kwa makini kuliko zote: amekaa miaka mingapi katika makoloni ya Australia, na katika koloni zipi. Tuseme alikufa 1879 na safu hiyo inasema Tasmania miaka 10, Victoria miaka 26. Jumla ni 36, kwa hiyo alitua karibu na mwaka 1843 na kuvuka karibu na 1853. Jiachie nafasi ya miaka miwili mitatu huku na huku. Kama katika wale watatu mmoja alifika 1822, mwingine 1842 na wa tatu 1851, umekwisha kujua macho yaelekee wapi, ingawa bado hujathibitisha chochote.

Angalia vilevile nani alitoa taarifa za kifo. Mke aliyeishi naye miaka thelathini ni shahidi wa uzito mmoja, mwenye nyumba ya wageni alimokata roho ni shahidi wa uzito mwingine. Ukikuta safu ya wazazi imeandikwa kwamba hawajulikani, usikate tamaa. Agiza vyeti vya kuzaliwa vya watoto wake wote waliozaliwa Victoria, siyo cha yule tu ambaye mume wako ametokana naye. Kila cheti kinarudia umri wa baba na mahali alipozaliwa, na wazazi walioana wapi na lini. Kwa mtoto wa kwanza atasema amezaliwa Uingereza, kwa wa tatu atataja wilaya, kwa wa tano ataponyokwa na jina la kijiji. Ukivipanga vyote mezani, zile tofauti ndogo ndogo zitakuonyesha ukweli uko upande gani.

Ndoa inaweza kukufikisha kwenye meli kwa njia fupi kuliko zote. Mfungwa ambaye bado anatumikia kifungo hakuweza kuoa bila ruhusa ya serikali, na Tasmania maombi hayo yamehifadhiwa katika mfululizo wa CON 52 (CON ni alama ya nyaraka za wafungwa). Ombi linataja bwana na bibi, na kwa kila aliyekuwa mfungwa linataja meli yake. Mkewe akiwa naye alikuwa mfungwa, umepata watu wawili kwa karatasi moja, na wewe unalo tayari jina la kwanza la mke. Jina la mume la kawaida likikutana na jina la mke ndani ya ombi moja la mwaka unaofaa, ile orodha ya watatu inaanza kupungua yenyewe. Ila jihadhari na kitu kimoja: ukimkuta ameandikwa kapera au mjane, usiamini haraka. Wengi waliacha wake au waume kwao, na mwenzi aliyekuwa ng'ambo kwa miaka saba bila habari alihesabiwa kama amekufa. Huenda Uingereza kuna ukoo mwingine mzima wa watoto wake.

Nimesema meli mara kadhaa, kwa kuwa kwa mfungwa meli ilikuwa sawasawa na jina la ukoo. Katika kila daftari aliandikwa jina lake na meli iliyomleta, na hilo lilimfuata mpaka anakuwa huru, hata baada ya hapo. Kwa hiyo ukipata meli andika na mwaka wake daima. Meli zilirudia safari. Surry, kwa mfano, ilileta wafungwa mara nyingi kwa miongo mitatu, na mtu wa Surry ya 1814 hana uhusiano na mtu wa Surry ya 1842.

Ukiwa na jina, meli na mwaka, nenda kwenye faharisi ya majina ya Tasmania katika mtandao wa Libraries Tasmania. Iko wazi kwa kila mtu, bila malipo, na picha za kurasa zenyewe zimo. Wanaume waliofika kuanzia 1840 mwenendo wao uko katika CON 33, wa kabla ya hapo katika CON 31. Kwa wanawake ni CON 40 na CON 41. Fungua ukurasa wa mzee wako ukiwa umetulia. Mwandiko ni mdogo, umebanana, umejaa vifupisho, na mara ya kwanza utaona kama wadudu wametembea na wino. Juu kabisa kuna namba yake ya polisi, mahakama iliyomhukumu na tarehe, miaka aliyopewa, dini, kama anajua kusoma au kuandika. Kisha kazi yake, urefu, umri, rangi ya uso, nywele, ndevu, paji, nyusi, macho, pua, mdomo, kidevu. Chini yake zimeandikwa alama za mwili. Wengi walikuwa na tatuu: nanga, moyo, msalaba, na mara nyingi herufi za kwanza za majina ya watu waliowaacha. Ukimkuta mkononi ana herufi zinazolingana na majina ya mama na dada yake, zinakili. Nimewahi kuona herufi za namna hiyo zikimaliza ubishi ambao vyeti vilishindwa kuumaliza.

Halafu panakuja mahali ambapo karani alimuuliza amefanya nini, na jibu likaandikwa kwa kifupi kama alivyolitoa yeye: kondoo mmoja, mali ya fulani; jozi ya viatu; nguo, niliiba kwa bwana wangu. Ni mara chache sana mtu wa tabaka lake katika karne ile kuachiwa nafasi ya kusema lolote likahifadhiwa. Soma pia taarifa ya gereza alikotoka, ya meli kuukuu iliyofanywa gereza mtoni ambamo alisubiri safari, na ya daktari wa meli. Baada ya hapo ni makosa yake ya huku: alichelewa kurudi, alilewa, alimjibu msimamizi vibaya, alikutwa na tumbaku. Na adhabu zake: siku za kufungiwa peke yake, miezi ya kazi ngumu, viboko. Haitakuwa rahisi kusoma mbele ya watoto, lakini msiifiche.

Mfululizo ninaoupenda kuliko wote ni CON 14, orodha za wanaume waliofika, na mwenzake CON 15 kwa wanawake. Humo wengi walitajiwa jamaa zao: baba fulani, mama fulani, kaka wawili kwa majina, dada mmoja, na mahali wanapoishi. Hapo ndipo utakapomthibitisha mzee wenu. Kama cheti cha kifo cha Ballarat kinasema mama yake aliitwa hivi na baba yake alikuwa fundi viatu, na CON 14 ya mmoja wa wale watatu inataja mama huyo huyo, sasa una haki ya kusema ndiye. Ushahidi mwingine unaweza kutoka kwenye orodha za abiria waliovuka kutoka Launceston, ambazo kwa wengi zilionyesha kama msafiri ni mtu huru tangu mwanzo au ni aliyemaliza kifungo.

Wale wawili wanaobaki nao lazima uwafuatilie mpaka mwisho wao. Wengi huruka hatua hii. Tafuta mmoja alikufa wapi, mwingine alioa nani. Ukigundua kwamba mmoja alizikwa Hobart 1849 na mwingine alikuwa na mke na watoto Launceston mwaka ambao wenu alikuwa anabatiza mtoto Ballarat, umewaondoa kwa haki. Usipofanya hivyo utaishi na shaka, na familia nyingine itakuja siku moja kumdai. Tengeneza daftari lenye safu tatu, kila mtu na safu yake, na kila tukio liandike pamoja na mahali ulipolisoma. Zile nasaba za intaneti zichukue kama fununu tu. Watu hunakiliana, na kosa la mmoja likishanakiliwa na hamsini huonekana kama ukweli wenye mashahidi hamsini. Kipimo cha DNA kinaweza kusaidia baadaye, hasa akipimwa mama mkwe au ndugu wa kizazi chake, kwa kuwa kila kizazi hupunguza kiasi kilichorithiwa, lakini hakiwezi kuchukua nafasi ya vyeti.

Neno kuhusu karatasi za uhuru, maana majina yake huchanganya. Tiketi ya ruhusa haikumfanya mtu huru. Ilimruhusu kujitafutia kazi na mshahara ndani ya wilaya aliyopangiwa, na ilifutwa akikosea. Msamaha wa masharti ulimfungua ila hakuruhusiwa kurudi Uingereza. Msamaha kamili ulimruhusu hata kurudi. Cheti cha uhuru kilipewa aliyemaliza miaka yake, kwa mfano wa miaka 7 au 14. Aliyehukumiwa maisha hakukipata, kwa hiyo usikitafute kama hukumu ya mzee wenu ilikuwa maisha.

Kwa upande wa Uingereza, daftari la HO 11 (HO ni alama ya wizara ya mambo ya ndani) la Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka iliyoko Kew, London, linakupa meli, mahakama, tarehe na miaka ya hukumu. Halitaji kosa. Kosa utalipata katika HO 27, rejista za wahalifu za England na Wales kuanzia 1805. Kama alihukumiwa London, kesi yake inaweza kuwa katika kumbukumbu za mahakama ya Old Bailey za 1674 hadi 1913, ambazo zote zimechapwa upya mtandaoni na husomwa bure. Utasikia mlalamikaji, shahidi na askari wakisema kwa zamu. Kwingineko tegemea magazeti ya wilaya na hifadhi za wilaya. Usisahau maombi ya huruma, HO 17 kwa miaka ya 1819 hadi 1839 na HO 18 kwa 1839 hadi 1854. Mke, mchungaji wa kanisa, majirani, wakati mwingine hata aliyeibiwa, walimwandikia waziri wakiomba mtu asipelekwe. Walio wengi walikataliwa, na barua zikabaki. Kama utapata moja, utakuwa umekutana na kijiji chake kizima kwa siku moja.

Kama vyeti vitaonyesha Ireland, njia ni tofauti. Moto wa mwaka 1922 mjini Dublin uliteketeza rejista za wafungwa waliopelekwa ng'ambo za kabla ya 1836, lakini maombi ya wafungwa yalisalimika, na Ireland ilitengeneza faharisi ya 1791 hadi 1853 kama zawadi kwa Australia katika sherehe za 1988. Nayo ni bure.

Kuhusu mkate, nakusihi usimwambie mama mkwe mapema kwamba anakosea. Kila ukoo una mkate wake. Waliopelekwa walihukumiwa zaidi kwa wizi wa nguo, mifugo, vitambaa, saa, vitu vya ndani, na wengi haikuwa mara yao ya kwanza mahakamani. Ukali wa hukumu hata hivyo hauhitaji kuongezewa chumvi. Januari 1789 msichana Mary Wade, wa miaka kama 11, alihukumiwa kunyongwa Old Bailey kwa kumvua nguo mtoto mdogo kuliko yeye na kuziiba. Hukumu ikabadilishwa, akapakiwa kwenye Lady Juliana, akafika Sydney Juni 1790. Aliishi mpaka uzee na kuacha ukoo wa mamia, na Kevin Rudd, aliyekuwa waziri mkuu wa Australia, ni mmoja wa wazao wake. Njaa na umaskini vilikuwa nyuma ya makosa mengi bila mkate kutajwa popote.

Jiandae pia kukuta mzee amedanganya. Mary Reibey alipelekwa kwa kuiba farasi, na alipokamatwa alikuwa amevaa kiume na kujiita James Burrow. Sydney akawa mfanyabiashara tajiri, na leo sura yake iko kwenye noti ya dola 20 unayoishika kila wiki. Katika sensa ya New South Wales ya 1828 alijieleza kwamba alifika akiwa huru mwaka 1821. Maneno hayo yalikuwa na ukweli wa kuokoteza: mwaka huo alikuwa amerudi kutoka matembezini Uingereza. Ikiwa mwanamke aliyejulikana na mji mzima aliandika hivyo, mchimbaji wa Ballarat aliyekuwa akiogopa sheria angeandika nini? Kwa hiyo usimfute mtu kwa sababu tu karatasi moja inasema alifika huru, au kwa sababu umri wake umeruka miaka mitano.

Gharama: mambo mengi utayapata bila senti. Libraries Tasmania, Old Bailey, Digital Panopticon iliyounganisha maisha ya wafungwa wa London, na Trove ya Maktaba ya Taifa ya Australia yenye magazeti ya zamani na picha za nyaraka nyingi za London zilizonakiliwa kwenye filamu kuanzia 1948, vyote ni bure. Utalipia vyeti vya Victoria, na hapo usibane, kwa kuwa ndiyo misingi ya nyumba. Mitandao mikubwa ya nasaba inayotoza ada maktaba nyingi za Australia huifungua bure ndani ya majengo yake. Kama safari itakupeleka New South Wales, uliza tiketi za ruhusa, vyeti vya uhuru na orodha za meli katika hifadhi ya jimbo hilo.

Sasa binti yako. Mwambie ndiyo, walikuwapo, tena tangu safari ya kwanza kabisa. Katika meli 11 zilizofika Januari 1788 walikuwamo angalau wafungwa 10 wenye asili ya Kiafrika. Mmoja ni John Caesar, huenda mzaliwa wa Madagaska, aliyehukumiwa Maidstone, Kent, mwaka 1786. Alikuwa mtu wa miraba minne, posho haikumtosha, akatoroka mara kwa mara akaishi porini na bunduki mpaka alipopigwa risasi na kufa mwaka 1796. Anahesabiwa kuwa bushranger wa kwanza, yaani mtoro mwenye silaha aishiye porini, wa aina ile ambayo baadaye Australia ilikuja kuwaimba. Billy Blue, aliyehukumiwa mji huo huo kwa kuiba sukari, alifika 1801, akamaliza kifungo, akawa na mashua za kuvusha watu bandarini Sydney, na rasi ya Blues Point inaitwa kwa jina lake. William Cuffay, fundi cherehani, ambaye baba yake aliwahi kuwa mtumwa, alipelekwa Tasmania kwa kupigania haki ya watu wa kazi kupiga kura. Alisamehewa mwaka 1856, na bado akabaki Hobart kuendelea na harakati hadi alipofariki 1870.

Wengine waliletwa kutoka Afrika yenyewe na visiwa vyake. Kutoka Mauritius waliletwa watumwa na watu waliotoka utumwani, baadhi yao wazaliwa wa Madagaska na Msumbiji, na mwaka 1834 wasichana wawili wadogo, Constance na Elizabeth, walifika Sydney kwa meli Dart kwa shtaka la kutaka kumwekea sumu mwanamke waliyemtumikia. Kutoka Rasi ya Afrika Kusini waliletwa Wakhoi, akiwamo kiongozi wao David Stuurman, aliyetoroka kisiwa cha Robben mara mbili kabla ya kupelekwa Sydney mwaka 1823. Alifia huko 1830. Tangu 2021 uwanja wa ndege wa Gqeberha, Afrika Kusini, mji ulioitwa zamani Port Elizabeth, una jina lake. Ikiwa binti yako anahitaji mtu wa kumwandikia shuleni wakati wewe unasubiri vyeti, Stuurman anastahili.

Na kuna jambo ambalo ningependa liwe ndani ya kazi hii tangu mwanzo. Wafungwa walionewa, na wengi wao wakatumiwa kuwaonea wengine. Ukimkuta mzee wenu alipangiwa kuchunga kondoo ndani ya Tasmania, uliza ni mwaka gani na ni ardhi ya nani, kwa sababu miaka ya 1820 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1830 palikuwa na vita vilivyokaribia kuwamaliza wenyeji wa asili wa kisiwa kile. Huko Myall Creek, New South Wales, tarehe 10 Juni 1838, wenyeji wasiopungua 28 waliuawa, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Wauaji, isipokuwa mmoja, walikuwa wafungwa au watu waliowahi kuwa wafungwa, na 7 walinyongwa. Sisemi mzee wenu alishiriki lolote la namna hiyo. Nasema msimsome peke yake. Hata Ballarat ilikuwa na wenyewe, Wadawurrung, kabla ya mchimbaji wa kwanza kupiga hema, na watoto wako wanaweza kulielewa hilo vizuri wakielezwa na mama aliyezaliwa katika pwani iliyowahi kutawaliwa na wageni.

Kwa mama mkwe nenda taratibu. Kizazi chake kilikua wakati mfungwa ndani ya ukoo alikuwa siri, na ni katika miaka hamsini hivi iliyopita tu ndipo watu wameanza kujivunia. Mwombe kwanza vitu, siyo habari: Biblia ya familia, picha, barua, kadi za mazishi. Mkiwa mmevishika mkononi atasema mengi kuliko ukimhoji.

Agiza cheti cha kifo wiki hii, pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake wa kwanza aliyezaliwa Victoria. Vikifika, nakili ile safu ya miaka katika makoloni kama ilivyo, pamoja na makosa yake ya tahajia, uniandikie ikiwa pamoja na miaka ya kufika ya wale watatu. Tutaendelea kuanzia hapo.